Hija ya Oxford na kiti cha kaka yangu

Na Mwandishi Wetu

Nyumbani kwetu Masasi palikuwa na viti sita vya mninga kuizunguka meza ya chakula. Kuanzia mwaka 2006 vikawa vitano. Kile cha sita, alichokuwa akikikalia kaka yangu mkubwa, baba alikinyanyua kwa mikono yake mwenyewe akakipeleka stoo, akakiweka juu ya magunia ya korosho, wala hakueleza neno. Hatukuuliza. Sote tulijua kwamba juma lile kaka alikuwa amepokewa katika Kanisa Katoliki.

Msomaji asije akamdhania baba kuwa ni mtu katili. Ni mwalimu mstaafu, aliyezaliwa mwaka 1938, akalelewa na kusomeshwa na misheni ile ambayo watu wa kwetu wanaiita UMCA mpaka leo, ingawa jina hilo liliondolewa rasmi mwaka 1965. Misheni hiyo ilifika Masasi mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowaongoza kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji kipya. Ukoo wetu unahesabu vizazi vinne katika kanisa hilo. Kwa baba, mtoto kulihama lilikuwa jambo sawa na kuuza shamba lenye makaburi ya wazee.

Mimi, kitinda mimba, nikawa tarishi. Kwa miaka kumi na sita nilichukua salamu za kaka kutoka Dar es Salaam nikazifikisha kwa mama. Mama alizirudia kwa sauti ili baba asikie, na baba aliendelea kusoma gazeti lake. Hakuna aliyegombana. Ugomvi una heri yake, maana wagombanao husemezana. Kwetu palikuwa na ukimya tu.

Mwezi Oktoba mwaka 2022 nilikuwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya kazi yangu hii ya uandishi. Mwenzangu mmoja darasani, dada kutoka Uganda, Mkatoliki wa kuzaliwa, alinijia na habari kwamba parokia aliyokuwa akisali inaandaa hija ya siku nne katika mji wa Oxford, kufuata nyayo za Mtakatifu John Henry Newman, na kwamba imebaki nafasi moja.

"Lakini mimi ni Mwanglikana," nilimwambia.

"Hata yeye alikuwa Mwanglikana, dada yangu," akanijibu, "tena kwa nusu ya umri wake."

Nikalipa ile nafasi. Sikumwambia mtu yeyote wa nyumbani.

MJI WA VYUO

Wengi wetu tusikiapo neno hija hufikiri Maka, Yerusalemu au Namugongo. Hija hii ilikuwa ya namna nyingine. Tulikuwa watu kumi na wanne tuliolala katika nyumba moja na kula katika meza moja. Asubuhi padre mzee aliyetuongoza alitusomesha kwa muda wa saa moja, mchana tulikwenda kwa miguu kutazama tuliyoyasikia, na jioni tulisali na kuzungumza. Lengo lilikuwa kuyasoma maisha ya mtu mmoja mahali penyewe alipoyaishi.

Oxford si chuo kimoja chenye uzio, kama nilivyokuwa nikidhani. Ni vyuo zaidi ya thelathini vilivyosambaa mjini, kila kimoja na lango lake, uwanja wake wa majani, kanisa lake dogo na ukumbi wake wa chakula. Katikati yake mabasi hupita, watu huuza mboga, na wanafunzi hukimbiza baiskeli kama vijana wa Kariakoo wanavyokimbiza mikokoteni.

Ijumaa jioni, siku ya kwanza, padre hakutupeleka kwa Newman. Alitusimamisha katika mtaa wa Broad Street, mbele ya msalaba wa mawe uliotandazwa barabarani. Hapo, tarehe 16 Oktoba 1555, wakati wa Malkia Mary aliyekuwa Mkatoliki, maaskofu wawili wa upande wa matengenezo, Hugh Latimer na Nicholas Ridley, walichomwa moto wakiwa hai. Askofu Mkuu Thomas Cranmer aliwafuata tarehe 21 Machi 1556. Kisha tukatembea dakika chache hadi mtaa wa Holywell. Huko, tarehe 5 Julai 1589, wakati wa Malkia Elizabeth, mapadre wawili wa Kikatoliki na waumini wawili waliuawa kwa sababu ya imani yao.

"Ninyi mahujaji wangu," padre alisema, "msimfuate Newman kabla ya kujua alikuwa akikanyaga wapi. Katika mji huu, kubadili kanisa lilikuwa jambo la damu."

Nililala nikikiwaza kiti cha kaka.

CHUO CHA ASKOFU WESTON

Jumamosi ndipo tulipoanza kumjua mtu wetu. Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801. Baba yake alikuwa mwenye benki, na benki hiyo ilianguka mwaka 1816, mwaka uleule ambao kijana aliandikishwa katika chuo cha Trinity. Kwa kuogopa kuiangusha familia iliyokuwa imekwisha kuanguka, alisoma usiku na mchana hata akili ikachoka. Na mtihani wa mwisho ulipofika, mwaka 1820, akapata matokeo duni kabisa. Wazazi wenye watoto waliofeli na wapate faraja hapa. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Aprili 1822, alishinda usaili mgumu akachaguliwa kuwa mmoja wa waalimu wa chuo cha Oriel, kilichokuwa na sifa kubwa ya usomi siku zile.

Pale penye lango la Trinity nilipata mshangao wangu wa kwanza. Padre aliuliza natokea wapi, nami nikasema Masasi, kusini mwa Tanzania. "Basi uko nyumbani," alisema. "Frank Weston alisoma hapa." Askofu Weston! Jina hilo nimelisikia kwa baba tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924, naye alifika Unguja akiwa padre kijana wa UMCA mwaka 1898. Sikuwa nimejua kwamba yeye na Newman walipita lango moja.

Kutoka hapo tulikwenda katika Kanisa la Mtakatifu Maria Bikira, kanisa la Chuo Kikuu, ambalo Newman alikuwa kasisi wake kuanzia mwaka 1828 hadi mwaka 1843. Mimbari yake ipo mpaka sasa. Jumapili saa kumi alasiri alipanda pale akasoma mahubiri yake kwa sauti ya upole, bila kurusha mikono, na vijana walijaa kumsikiliza. Katika mimbari hiyohiyo, tarehe 14 Julai 1833, rafiki yake John Keble alitoa hotuba ambayo Newman mwenyewe aliihesabu kuwa mwanzo wa kile kinachoitwa Harakati ya Oxford. Wao na mwenzao Edward Pusey walitaka Kanisa la Uingereza likumbuke kwamba halikuanzishwa na mfalme wala bunge. Kwamba lina mizizi katika mitume, katika sakramenti na katika mababa wa kale. Walieneza mawazo hayo kwa vijitabu vilivyotoka kuanzia mwaka 1833 hadi mwaka 1841.

Nikaketi kwenye benchi nikiwa nimeduwaa. Maana ni kutoka katika harakati hiyo ndipo UMCA ilipopata sura yake. Wito wa David Livingstone wa mwaka 1857 uliwaamsha watu wa vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin, na wengi waliokuja kwetu walikuwa wamelelewa katika mafundisho haya. Ndiyo sababu Masasi tulikua tukisema "Misa", tukiungama kwa padre, tukipiga kengele na kufukiza ubani, mambo ambayo wageni huyadhania kuwa ya Wakatoliki peke yao. Baba alikitoa kiti cha kaka kwa kulinda urithi, na katika mizizi ya urithi ule alikuwamo mtu ambaye mwishowe alifanya kama alivyofanya kaka.

Kabla hatujatoka, padre alituonyesha kumbukumbu iliyowekwa ukutani mwaka 2008. Imeandikwa majina ya waliouawa kwa ajili ya imani katika zama zile, wa upande huu na wa upande ule, pamoja. Iliwachukua zaidi ya miaka mia nne kukaa katika orodha moja.

LITTLEMORE

Jumapili asubuhi tulihudhuria Misa katika kanisa Katoliki la Mtakatifu Aloysius, lililofunguliwa mwaka 1875. Ubani ulipopanda nilifumba macho, na kwa kitambo kidogo sikujua kama niko Oxford au niko Masasi nimeshika mkono wa baba.

Alasiri tulikwenda Littlemore, kijiji kilichokuwa nje ya mji zamani. Newman alikuwa akikijia kwa miguu kutoka chuoni. Kilikuwa sehemu ya parokia yake, na watu wake walikuwa maskini wasio na kanisa, akawajengea. Mama yake aliweka jiwe la msingi mwaka 1835, naye akafariki mwezi Mei mwaka 1836, miezi michache kabla kanisa halijawekwa wakfu. Ndani pana sanamu ya ukutani inayomkumbuka mama huyo.

Katika kanisa hilo, tarehe 25 Septemba 1843, Newman alitoa mahubiri yake ya mwisho akiwa Mwanglikana. Mada ilikuwa kuachana kwa marafiki. Pusey alikuwapo, na watu walilia waziwazi. Wakati huo Newman alikuwa amekwisha kuhamia kwenye jengo la chini lililokuwa banda la farasi wa magari ya abiria, akaligeuza vyumba vidogo vya sala na maktaba. Huko aliishi na vijana wachache kwa kufunga, kusali na kusoma. Alikuwa hajaamua. Watu wa magazeti walichungulia, wakubwa wa kanisa walimshuku, naye aliendelea kusoma historia ya Kanisa, akitafuta ukweli uko wapi.

Mwisho ulikuja usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845. Padre Dominic Barberi, Mwitaliano, mwana wa wakulima, ambaye Kiingereza kilimpa taabu, alifika akiwa ameloa chapachapa baada ya kusafiri saa nyingi juu ya gari la farasi katika mvua. Alikuwa akijikausha kwenye moto mlango ulipofunguliwa, na msomi mkubwa wa Oxford akaingia, akapiga magoti miguuni pake, akaomba kupokewa. Kesho yake, tarehe 9, akapokewa.

Sisi tulikuwa pale tarehe ileile, miaka 177 baadaye. Vyumba ni vidogo, sakafu imeinama kidogo, madirisha yanatazama bustani. Niliona jinsi mahali palivyo padogo kwa jambo lililomgharimu mtu kiasi kile. Maana siku zile, na hadi mwaka 1854, mtu hakuweza kuingia Chuo Kikuu cha Oxford bila kutia sahihi kanuni 39 za Kanisa la Uingereza. Newman alikuwa amejiuzulu Oriel tarehe 3 Oktoba. Alipoteza kazi, makao na mji alioupenda kuliko wowote duniani. Mwezi Februari mwaka 1846 akaondoka. Hakuukanyaga tena mji wa Oxford kwa miaka 32.

MILANGO MIWILI

Usiku ule, tulipokuwa tukinywa chai, padre alitusimulia habari mbili.

Ya kwanza ni ya Harriett, dada yake Newman. Walikuwa wamependana tangu utoto, wakiandikiana barua bila kukoma. Kaka alipokwenda Roma, dada alikata uhusiano. Akafariki mwaka 1852, na ule ufa haujazibwa.

Ya pili ni ya Keble. Naye alibaki katika kanisa lake, akiwa kasisi wa kijiji cha Hursley. Tarehe 12 Septemba 1865, baada ya miaka ishirini, Newman alifika mlangoni pake. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale. Hakumtambua mgeni, wala mgeni hakumtambua mwenyeji. Newman akatoa kadi yenye jina lake. Ikawa Pusey naye yumo ndani. Siku hiyo wazee watatu walikula pamoja mezani, wao peke yao. Miezi sita baadaye Keble akafariki.

"Je, walikubaliana?" mmoja wetu aliuliza.

"Hata kidogo," alisema padre. "Newman hakuwahi kusema tofauti ile ni ndogo. Aliiona kubwa kiasi cha kuacha kila kitu. Lakini walikula."

Kisha akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimemdokezea habari zetu njiani. "Baba yako ana umri gani, mwanangu?"

"Miaka themanini na minne, Padre."

Hakusema zaidi. Nami sikupata usingizi upesi.

SIMU

Jumatatu asubuhi, tukisubiri basi la kurudi London, nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi huko?"

Nikamwambia nilikuwa Oxford, na nimekiona chuo alichosoma Askofu Weston. Furaha yake niliisikia kwenye simu. Akaniuliza lango likoje, majengo yakoje, kama jina la Askofu limeandikwa mahali. Nikajikaza, nikamwambia na mengine: kwamba nilikuwa katika hija ya Wakatoliki, kwamba mtakatifu wao alisoma chuo hichohicho, kwamba bila yeye na wenzake huenda ubani wa Masasi usingefukizwa, na kwamba baadaye alikwenda Roma.

Pakawa kimya. Nilidhani amekata.

"Alirudi?" baba aliuliza.

"Kanisani hakurudi, baba. Alirudi kutazama. Baada ya miaka 32, mwezi Februari mwaka 1878, akiwa na miaka 77."

"Alirudi mwenyewe tu?"

"Hapana, baba. Walimwalika. Chuo chake cha Trinity kilimchagua kuwa mwanachuo wake wa heshima, wa kwanza kabisa kupewa heshima hiyo."

"Kwa hiyo waliobaki ndio waliomwita."

"Ndiyo, baba."

Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Simu yako inakula pesa," akanitakia safari njema.

Hayo maneno yake, kwamba waliobaki ndio waliomwita, nimeyawaza mara nyingi tangu siku hiyo. Sote kwetu tulikuwa tukimngoja kaka arudi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeondoka. Lakini aliyeondoka hana funguo. Nyumba iko mikononi mwa waliobaki, na mlango wanaushika wao. Newman hangeweza kujialika Trinity, hata angeipenda namna gani.

Mwezi Desemba mwaka huo mama alimpigia kaka. Alisema baba ametoa kiti stoo akakuta mguu mmoja umeliwa na mchwa, akakipeleka kwa fundi, na sasa anauliza kama kuna mtu wa kukikalia. Kaka alikuja na mkewe na watoto wawili ambao baba hakuwa amewaona. Sitadanganya kwamba palikuwa na machozi na kukumbatiana. Baba aliuliza habari za safari na bei ya nauli. Walizungumza juu ya mikorosho. Imani hawakuigusa, na mpaka leo hawakubaliani.

Jumapili asubuhi, baba akiwa amevaa koti lake la kanisani, alisimama mlangoni, mgongo kwetu, akauliza:

"Misa yenu huanza saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, baba," kaka alijibu.

"Basi mtachelewa. Nendeni."

Katika miji yetu leo zimejaa nyumba ambamo mtoto mmoja ameolewa na mtu wa dini nyingine, au amehamia kanisa jipya, au ameliacha la zamani. Mzazi ana haki ya kuumia, wala simwambii asiumie. Ninachosema ni kwamba Harriett alikuwa na haki hiyohiyo, akazikwa nayo. Keble aliumia vilevile, lakini alimkaribisha mgeni mezani.

Newman alifanywa kadinali mwaka 1879, akafariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019. Na tarehe 1 Novemba 2025, Papa Leo XIV alimpa jina la Mwalimu wa Kanisa, heshima ambayo katika karne zote imetolewa kwa watu 38 tu, yeye akiwa wa mwisho kuipata. Nilipoipata habari hiyo mezani kwangu katika chumba cha habari, nilimpigia kaka mara moja, nikidhani mimi ndiye wa kwanza.

Kaka akacheka. Alisema baba amekwisha kumpigia. Alikuwa ameisikia redioni.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema: 'Yule mtu wenu wa Trinity, wamempa ualimu. Wamechelewa.'"